Katuni za Ninja Zilifikaje Nkubu?

Agosti 21, 2016, Michezo ya Olimpiki ikifungwa kule Rio de Janeiro, waziri mkuu wa Japani alitokeza katikati ya uwanja akiwa amevaa kofia nyekundu ya Mario, yule fundi wa mabomba wa mchezo wa Nintendo. Dunia ikacheka. Siku sita baadaye mtu huyo huyo, Shinzo Abe, alikuwa KICC Nairobi, suti na tai, kwenye mkutano wa TICAD ambao ulikuwa ukifanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Kofia hakuja nayo. Alikuja na ahadi za barabara, bandari, umeme na mabilioni ya dola.

Na hiyo ndiyo Japani ambayo Mkenya alikuwa ameizoea. Japani ya miradi: JICA, chuo cha JKUAT kilichoanzishwa Juja 1981 kwa msaada wao, mabango yenye bendera mbili kando ya barabara. Halafu kuna Japani ya kununua: Nissan ambayo ilifanya kazi ya matatu mpaka jina lake likawa jina la matatu, Probox inayopakia watu saba na mkungu wa ndizi, redio ya Sanyo ambayo babu hataki iguswe.

Lakini kulikuwa na Japani ya tatu, na hiyo haikushuka JKIA na ujumbe wa waziri mkuu. Mwaka huo wa 2016, hapa Nkubu, kilomita kama 15 kusini mwa mji wa Meru kwenye barabara ya kwenda Embu, mtoto wa darasa la saba angekuambia Naruto anatoka kijiji gani, mwalimu wake ni nani, na kwa nini yule rafiki yake Sasuke alihama. Angekuambia huku amebeba jerikeni. Hakuwa na televisheni ya kulipia, hakuwa na Netflix, na hakuna bango la JICA lililomtangazia. Basi zilifikaje?

Jibu ni refu kidogo, na linaanza na watu ambao Japani yenyewe iliwacheka kwa muda mrefu kabla ya kuwaonea fahari.

Tuanze na neno. Kwa Kijapani, taku ni nyumba, na ile o ya mbele ni ya heshima. Otaku ni kama kusema "nyumbani kwako", na hutumika kumtaja mtu ambaye hamjazoeana badala ya kumwambia "wewe" waziwazi. Huku Mlima Kenya, mtu wa nyumba ni mtu wa ukoo wako, yule wa kumpa kura na kumkopesha. Kule ni kinyume: ukimwita mtu kwa nyumba yake, unamweka mbali kidogo, kwa adabu. Sasa miaka ya 70 ikiisha na ya 80 ikianza, vijana wa Tokyo waliopenda manga, yaani hadithi za michoro, na anime, yaani katuni za televisheni na sinema, walikuwa na mazoea ya kuitana hivyo wenyewe kwa wenyewe. Vijana wa miaka kumi na minane wanaongea kama kina mama wawili waliokutana sokoni na hawajuani vizuri. Ilichekesha.

Juni 1983 mwandishi kijana, Akio Nakamori, alilichukua neno hilo akaliandikia makala katika jarida la Manga Burikko. Aliwachora vibaya: miwani minene, nguo walizonunuliwa na mama zao, kushindwa kuongea na wasichana, na kujaa pamoja kwenye maonyesho ya manga kana kwamba hawana kwingine pa kwenda. Mhariri, Eiji Otsuka, hakupendezwa na dharau ile na baada ya miezi michache makala zikasimamishwa. Lakini jina lilikuwa limeshika. Kuanzia hapo otaku hakuwa tena mtu unayemheshimu kwa mbali. Alikuwa kijana ambaye maisha yamempita akiwa chumbani na katuni zake.

Picha hiyo ya chumbani ndiyo iliyosafiri dunia nzima, na ndiyo nataka kuipinga, kwa sababu historia haikubaliani nayo.

Ukirudi nyuma, unakuta umati. Januari 1, 1963, televisheni ya Fuji ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu ya Osamu Tezuka, roboti mtoto mwenye roho safi, na kizazi kizima kikakua na katuni ya kila wiki kama vile sisi tulivyokua na taarifa ya habari ya saa moja. Watoto hao walipofika sekondari na chuo hawakuziacha katuni kama ilivyotarajiwa. Desemba 21, 1975, vikundi 32 vya mashabiki vilikodi ukumbi Tokyo na kuuza majarida waliyoyachora na kuyachapisha wenyewe. Watu kama 700 walikuja, na wengi wao walikuwa wasichana wa shule. Wasichana. Wale ambao picha ya Nakamori haiwaonyeshi. Maonyesho hayo, Comic Market au Comiket, yanaendelea mpaka leo, mara mbili kwa mwaka, na umati wake umepita nusu milioni kwa msimu mmoja. Mtu anayeishi chumbani peke yake hapangi foleni alfajiri na watu nusu milioni.

Kitu cha pili kilikuwa mashine. Mwaka 1976 kampuni ya JVC ilianza kuuza mashine ya vidio ya VHS. Kwa mashine kama hiyo mtu wa kawaida aliweza kurekodi kipindi, kukisimamisha, kukirudisha nyuma, kukitazama mara ishirini. Shabiki akaanza kugundua kwamba kipande hiki cha mapigano kimechorwa na mkono tofauti na kile. Akajua majina ya wachoraji ambao televisheni iliyapitisha mwishoni kwa haraka hata hayasomeki. Na akaanza kunakili. Mwenye kanda ya kipindi kilichokosekana Osaka alimnakilia mwenzake, na mwenzake akamtumia ya kwake kwa posta. Otaku wa kwanza ni mtu huyo: anajua sana, anahifadhi, anagawa. Bila kugawa, kujua kwake hakuna maana, kwa sababu atamwonyesha nani?

Na kitu cha tatu kilikuwa mtaa. Ukiwauliza watu leo mji mkuu wa otaku ni wapi, watakuambia Akihabara, Tokyo. Kwenye picha ni majengo yenye taa na mabango ya wasichana wa katuni wenye macho makubwa kama sahani. Lakini Akihabara ilianza kama soko la mboga na matunda, lililohamia karibu na stesheni mwaka 1928. Baada ya vita vya pili vya dunia wachuuzi wakaanza kuuza vipuri vya redio hapo, vingine vikiwa mabaki ya jeshi, na wanunuzi wao wakubwa walikuwa wanafunzi wa chuo cha umeme kilichokuwa karibu, waliojiundia redio na kuziuza. Serikali ilipofagia vibanda barabarani, wachuuzi wakaingizwa chini ya reli, kwenye vichochoro vyembamba ambavyo vingine vipo mpaka leo. Redio zikafuatwa na friji na televisheni, kisha kompyuta. Kompyuta zikaleta vijana wa michezo ya vidio, na miaka ya 90 ikiisha, maduka ya manga na sanamu ndogo za katuni yakahamia huko kuwafuata wateja. Soko lenyewe la mboga lilikuwa limehamishwa mwaka 1989.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ni Luthuli Avenue. Kama Luthuli ingepewa miaka hamsini bila mtu kuibomoa, na wale vijana wanaorekebisha simu kwenye meza ya futi mbili wangeachwa waamue wenyewe mtaa uwe wa nini. Msomaji wa Nkubu naye akumbuke tu kwamba huko kote kulianzia kwenye soko la mboga, na soko tunalo.

Mwaka 1989, soko likihama, ndio mwaka ambao neno otaku lilichafuka kabisa. Mwezi Julai polisi walimkamata Tsutomu Miyazaki, mtu aliyewaua wasichana wadogo wanne kati ya 1988 na 1989. Chumba chake kilikuwa na kanda za vidio zaidi ya 5,000, na kamera za habari zikaingia. Picha ya chumba kile, kanda zimepangwa mpaka dari, ikazunguka Japani yote, na magazeti yakampa jina: muuaji otaku. Hapo wazazi kote nchini wakageuka kutazama milango ya vyumba vya watoto wao. Mamilioni ya vijana ambao kosa lao lilikuwa kupenda katuni wakabeba kivuli cha mtu mmoja.

Tusidhani hayo ni mambo ya Wajapani. Mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani Kenya, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilitolewa hadharani 1999, ikasema ibada hiyo ipo na imefika mashuleni. Mimi nimezaliwa miaka hiyo, na nimekulia ndani ya mwangwi wake: nembo kwenye fulana ilikuwa ushahidi, wimbo ukichezwa kinyumenyume ulikuwa ushahidi, na katuni yenye mnyama wa mikia tisa, hapo hata kesi haikuhitajika. Juni 2017, bodi ya kuainisha filamu, KFCB, iliagiza katuni sita zitolewe hewani kwa madai kwamba zinaeneza ushoga kwa watoto. Mojawapo ilikuwa The Legend of Korra, katuni ya Kimarekani iliyochorwa kwa kufuata mtindo wa anime. Kila nchi ina zamu yake ya kuogopa kitu ambacho vijana wake wanakitazama mlango ukiwa umefungwa.

Kilichofuata Japani kinastahili kuangaliwa kwa makini. Uchumi wao, uliokuwa umevimba miaka ya 80, ulipasuka mwanzoni mwa miaka ya 90. Kampuni zilizokuwa zikimwajiri kijana akitoka chuo na kumtunza mpaka kustaafu zilifunga milango. Kizazi kizima kikabaki na vibarua. Mwaka 1995 ulianza na tetemeko la Kobe mwezi Januari, Machi kundi la kidini la Aum likamwaga gesi ya sumu kwenye treni za Tokyo, na Oktoba ikaanza Neon Genesis Evangelion, anime kuhusu kijana wa miaka kumi na minne anayelazimishwa kuendesha dude kubwa la vita na hataki. Iliwashika watu vibaya. Watu wazima waliokuwa hawajatazama katuni tangu utotoni walianza kubishana juu yake. Studio iliyoitengeneza, Gainax, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1984 na mashabiki, wale wale otaku wa kuchekwa, na mmoja wa waanzilishi wake, Toshio Okada, alifika hadi Chuo Kikuu cha Tokyo kufundisha kuhusu otaku. Mwaka 1996 akachapisha kitabu juu ya taaluma hiyo.

Miaka ya 2000 upepo ukageuka kabisa. Mwaka 2004 kikatoka kitabu cha Densha Otoko, hadithi ya otaku anayemwokoa mwanamke kwenye treni kutoka kwa mlevi na kumpenda, na 2005 ikawa sinema na pia tamthilia ya televisheni. Nchi nzima ikamwonea huruma yule iliyemwogopa. Mikahawa ya Akihabara yenye wahudumu waliovaa kama vijakazi wa zamani ikawa kivutio cha watalii. Mwaka 2002 mwandishi Mmarekani, Douglas McGray, alikuwa ameandika kwamba nguvu mpya ya Japani duniani ni utamaduni wake wa kisasa, na serikali ikasikia. Ikaja sera ya Cool Japan, na Novemba 2013 mfuko maalum wa fedha za kuutangaza utamaduni huo ng'ambo. Hapo ndipo inapotoka kofia ya Mario. Miaka ishirini na saba kutoka chumba cha Miyazaki mpaka kichwa cha waziri mkuu.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana mtu angedhani jibu ni hilo: serikali ilitenga pesa, katuni zikafika Nkubu. Hapana. Kufikia 2013, Naruto alikuwa tayari mwenyeji hapa. Mfuko ule ulichelewa, na mpaka leo habari zake nyingi ni za hasara.

Waliozibeba ni mashabiki. Miaka ya 80 na 90 vijana wa Marekani waliojua Kijapani kidogo walipata kanda kutoka Japani, wakazitafsiri usiku, wakaweka maandishi chini ya picha kwa kompyuta za wakati ule, na kuzinakili kwa yeyote aliyetuma kanda tupu na nauli ya posta. Hawakulipwa. Intaneti ilipopata kasi, kazi ile ile ikahamia mtandaoni: kipindi kinaonyeshwa Tokyo leo, kesho au keshokutwa kina maandishi ya Kiingereza, na mwisho wa wiki kiko kila mahali. Kikundi cha watu wasiojuana, mmoja anatafsiri, mwingine anapanga muda wa maandishi, wa tatu anahakiki. Hata Crunchyroll, kampuni inayouza anime kihalali leo, ilianza mwaka 2006 California kama tovuti ya vijana wa chuo ambapo mashabiki walipakia nakala zisizo na ruhusa. Ilianza kuingia mikataba halali baadaye, na 2021 Sony ikainunua kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mabilioni hayo yamesimama juu ya usingizi wa watu wasiolipwa.

Upande wetu, njia ilikuwa imechimbwa zamani. Kila mji mdogo Kenya ulikuwa na kibanda cha vidio, mabenchi na pazia jeusi, cha kutazamia Bruce Lee na Jackie Chan. Baadaye ikaja sauti ya DJ Afro juu ya muvi za Kichina na Kihindi, akitafsiri, akiongeza chumvi, akiwapa mashujaa wa Hong Kong majina ya mtaani. Kwa hiyo mtoto wa Nkubu hakushangazwa na wazo la kutazama hadithi ya Asia kupitia mdomo wa mtu wa tatu. Alikuwa amezoea.

Kisha mwaka 2009 nyaya mbili za intaneti zikafika Mombasa chini ya bahari, TEAMS na SEACOM. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Baada ya hapo, mtu mwenye saiba Nairobi aliweza kuacha kompyuta ikishusha faili usiku kucha. River Road na vichochoro vyake, ambavyo tayari vilikuwa kiwanda cha kunakili muziki na muvi, vikaongeza anime kwenye orodha. Mzigo ulipanda matatu kama mzigo mwingine wowote: Thika, Embu, Chuka, Nkubu, Meru.

Duka la muvi nililolijua mimi lilikuwa karibu na steji, upana wa mlango na robo. Ukutani karatasi za rangi zilizochapishwa vibaya, kompyuta moja, rafu ya dividii kwenye mifuko ya nailoni, 50 bob moja. Jamaa wa duka hakuwa akitazama anime. Yeye alikuwa mtu wa Prison Break. Lakini alijua zile za ninja zinatoka haraka, na alijua nani ameishia wapi. "Wewe ulichukua mpaka themanini," angekuambia, "leo nipe order ya mia." Dividii moja ilibeba vipindi vingi vilivyobanwa mpaka nyuso za watu zikawa na ukungu. Ilinunuliwa na mmoja, ikatazamwa na kumi, ikarudi na mikwaruzo. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yalipita haraka, hivyo yule aliyesoma upesi aliwasomea wengine kwa sauti, Kiswahili kidogo, Kimeru kidogo. Naweza kusema bila aibu kwamba kuna wenzangu waliojifunza kusoma Kiingereza cha haraka pale kuliko darasani.

Fikiria mnyororo wenyewe. Mchoraji Tokyo anachora usiku kwa malipo ambayo hata Wajapani wanakiri ni madogo. Mtafsiri asiyejulikana anaandika maneno bure. Mtu wa River Road anachoma nakala. Kondakta anabeba bahasha. Jamaa wa Nkubu anauza. Mtoto mmoja anawasomea tisa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetumwa na serikali, na pesa zilizopatikana njiani hazikumrudia yule wa kwanza. Hilo la mwisho halipaswi kufunikwa na uzuri wa hadithi. Kunakili kule kule ndiko kulikowanyonga waimbaji wa Kikuyu na Kimeru waliokuta albamu zao zinauzwa kabla hawajalipwa. Mnyororo ulikuwa wa ukarimu na wa wizi kwa wakati mmoja, na sijui njia ya kuutenganisha ambayo ingemwacha mtoto wa Nkubu na Naruto wake.

Vifaa vilibadilika haraka baadaye. Mwaka 2011 Safaricom ilileta simu ya Huawei IDEOS kwa takriban Sh8,000, na simu ya kugusa ikaanza kushuka kutoka kwa mameneja mpaka kwa watu. Dividii zikafa, flashi zikachukua nafasi: unapeleka, unajaziwa, unalipa. Netflix ilifika Januari 2016, na kati ya 2021 na 2023 ikaruhusu watumiaji wa Android Kenya kutazama sehemu ya vipindi vyake bure. Lakini kwa wengi, makao ya anime yakawa chaneli za Telegram, ambapo kipindi kinabanwa mpaka kinatosha kwenye bando la 20 bob. Novemba 2023 na tena 2024, Telegram ilipozimwa wakati wa KCSE kuzuia wizi wa mitihani, mashabiki walinuna pamoja na wezi wa mitihani.

Na Nairobi mambo yakatoka hadharani. Kuna NAICCON, kuna Otamatsuri, ambapo vijana huja wamevaa mavazi ya wahusika waliyoyashona wenyewe au kushonewa na fundi ambaye bado hajaelewa kwa nini kijana wa kiume anataka joho la mawingu mekundu. Wanaolipwa kuchora wapo. Wanaotoka nyumbani na nguo za kawaida na kubadilisha chooni wapo pia, kwa sababu mzazi bado anakumbuka ripoti ya 1999 hata kama hajawahi kuisoma.

Hapa ndipo ninapoona jambo lenyewe. Sisi pia tuna tabia ya kudharau kwanza na kujivunia baadaye. Sheria za Michuki za 2004 zilifuta michoro kwenye matatu na kuweka mstari wa njano, kana kwamba rangi ndiyo iliyokuwa ikisababisha ajali. Miaka kumi ikapita, na mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema michoro irudi, ni ajira ya vijana. Leo nganya inawekwa kwenye matangazo ya utalii. Sheng nayo ilisemwa inaua lugha, kisha Februari 2010 likaja jarida la Shujaaz, hadithi za michoro kwa Sheng, likigawiwa bure na gazeti la Nation, likashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Na mhusika wake mkuu ni nani? Boyie, kijana asiye na kazi anayeendesha redio ya wizi kutoka chumbani kwake. Kijana wa chumbani, lakini anayeongea na mji mzima.

Kati ya dharau na fahari, kuna watu wanaolipa. Walipa ni wale walioishi miaka ya katikati. Otaku wa 1989 hakurudishiwa ujana wake serikali ilipovaa kofia. Wachoraji wa matatu wa 2004 walipoteza kazi, na wengine hawakurudi. Mimi niliacha chuo karo ilipokwama, na nimesikia kila aina ya swali mezani kwa mjomba wangu: hizo katuni zitakulipa? Hizo hadithi unaandika mtandaoni, unakula? Ni swali la haki, kwa sababu mjomba analipa unga. Lakini lina kasoro moja: linadhani tunatazama kwa sababu hatuna kazi, wakati Japani inaonyesha kwamba kazi inaweza kupotea kwa makosa ya wakubwa kabisa, na kile kilichodharauliwa ndicho kikabaki kinauzika.

Tena hakibaki chumbani. Mwaka 2025, vijana wa Indonesia waliinua bendera ya maharamia wa One Piece, fuvu lenye kofia ya majani, kulaumu serikali yao. Septemba ikapepea Nepal, siku ambazo serikali ilianguka. Wiki chache baadaye ikawa Madagaska, fuvu lile lile limevishwa kofia ya kienyeji ya kisiwa hicho. Hadithi iliyoanza 1997 kwenye jarida la watoto Tokyo ikawa lugha ya watu ambao hawana lugha nyingine ya pamoja. Hapa kwetu, Juni 25, 2024, kizazi ambacho wazee walisema kinajua simu tu kilifika bungeni kwa miguu, na wengine hawakurudi nyumbani. Haikuwa kwa sababu ya katuni. Mswada wa fedha ulitosha. Lakini wazazi waliokuwa wakiuliza watoto wanafanya nini na zile simu usiku kucha walipata angalau sehemu ya jibu: walikuwa wanaongea, wanatafsiri, wanagawa.

Lile duka la karibu na steji sasa ni la M-Pesa na vifuniko vya simu. Jamaa wa muvi anaendesha boda. Juzi kwenye foleni ya vifuniko kulikuwa na mtoto wa sare ya shule, daftari la hesabu mkononi, na kurasa za nyuma zote zimejaa mapigano ya mtu mwenye nywele za miiba. Nyuma ya mashujaa wake amechora milima, na kwenye mteremko migomba, na mabati ya soko. Haikuwa Konoha. Ilikuwa Nkubu, ninja wakiruka juu ya mapaa yake. Nilimuuliza anaisoma wapi hiyo. Akasema haisomwi popote, bado anaichora, na wenzake wa darasa wako kwenye orodha ya kuipokea.